Hotuba ya Mtaalamu wa Kutuliza Mbingu

Ndugu mwenyekiti, wazee wa mila mliokalishwa mbele ili mpendeze kwenye picha, mheshimiwa shehe, baba paroko, wachungaji wa madhehebu makubwa na wa yale yaliyozaliwa juzi nyuma ya stendi, akina mama wa tangawizi kutoka Mamba Miamba, na ninyi vijana wa bodaboda mliosikia kwamba kutakuwa na soda: itifaki imezingatiwa. Kama kuna mkubwa niliyemruka, asinune, maana hiyo ndiyo mada yetu ya leo. Mkubwa amenuna. Unafanyaje?

Mimi ni mtaalamu wa jambo hili. Nasema mwenyewe kwa sababu nimengoja miaka mingi mtu mwingine aseme, na Same hii watu wamenyamaza tu. Elimu yangu haina cheti, kwani cheti hutolewa na aliyekuzidi. Vitabu nimesoma vingi, vingine mpaka mwisho. Kile cha marehemu Profesa Isaria Kimambo, historia ya kisiasa ya Wapare iliyotoka 1969, nimekishika kwa mikono yangu miwili, nikaona ni kinene, nikakubaliana nacho. Kwa hiyo mtakaponisikia nikimsahihisha mahali, mjue ni mazungumzo ya wasomi wawili, mmoja wao akiwa hayupo.

Sasa nadharia. Watani zetu Wachaga hupenda kusema kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wao hucheka. Mimi huwajibu kwa uzito unaostahili: kuku ni kuku, haki ni haki, na huyo ng'ombe tutamdai kwenye gharama za kesi. Kutokana na hekima hii ya kwetu nimegundua jambo ambalo wanafalsafa wa Ulaya na Asia wamelizunguka kwa karne nyingi bila kulikamata. Mungu ni hakimu. Tena si wa Mahakama ya Rufani aliye mbali huko asiyekujua sura. Ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, anayekujua wewe, anamjua baba yako, na kesi yako ya mwisho anaikumbuka vizuri kuliko wewe. Ukikosa anatoza faini. Ukilipa, faili linafungwa. Mbuzi, kondoo, pombe ya kumwaga chini, kufunga, kulia, fungu la kumi, kuvaa magunia: vyote hivyo ni stakabadhi. Hii ndiyo Nadharia ya Faini. Ningeiita kwa jina langu, ila unyenyekevu umenizuia, na pia bado sijaisajili.

Kwa nini ugunduzi huu ufanyike Same na si Roma au Makka? Tazameni tulipokaa. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi yakiwa yameshiba, yanaukwea mlima wa Upare Kusini kwa upande wa mashariki, yanajikwaa kwenye Shengena yenye mita 2,462, mzigo wote yanauacha kule Gonja na Mamba, halafu yanavuka kuja kwetu kutusalimia tu. Mtu wa Mamba analima tangawizi na migomba. Mtu wa Makanya, ambaye angeweza karibu kumrushia jiwe, analima mahindi kwa kubahatisha na kutazama mkonge wa tajiri. Watu wa hali ya hewa wanasema huku ni kivuli cha mvua. Mimi nasema ni upendeleo, na upendeleo ni shauri linalosikilizwa mahali fulani.

Basi mtu aliyekaa upande huu hana budi kujifunza namna ya kuongea na juu. Na tumejifunza kweli kweli. Upare Kusini Mungu ana siku tatu kwa wiki. Ijumaa ni ya Waislamu. Jumamosi ni ya Wasabato, ambao wamekuwa nasi tangu 1903, wamisionari wawili wa Kijerumani, Ehlers na Enns, walipoanzisha kazi pale Giti, Mamba, kabla Usabato haujafika kwingine kokote katika nchi hii. Jumapili ni ya Walutheri, wenye dayosisi yao ya Pare hapa hapa Same, na ya Wakatoliki, ambao nao wana jimbo la Same. Mkulima anayetaka kufanya kazi shambani bila kumuudhi jirani amebakiwa na siku nne, na mojawapo ni ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha bwawa letu, ndiva. Juu ya msaragambo mtaniwia radhi, sitaongea. Najua kuna watu wamekuja na daftari la mahudhurio.

Wahenga wetu walianzaje? Juu kabisa walimjua Muumba, Kiumbi, lakini hawakumsumbua kwa kila kikohozi. Mambo ya kila siku yalipitia kwa wazee waliotangulia. Kila ukoo ulikuwa na kichaka chake, mpungi, mahali ambapo shoka halikuingia wala mtoto hakwenda kuokota kuni. Mzee wa heshima akishafariki na miaka ikapita, fuvu lake lilifukuliwa, likatiwa chunguni, likawekwa mahali pake pamoja na wenzake. Msishtuke, ninyi vijana mnaotunza picha za marehemu kwenye simu. Hapo ndipo mashauri yalipopelekwa: mtoto haponi, ng'ombe wanaharibu mimba, vuli imekataa. Mganga alitafuta ni mzee gani aliyenuna na kwa nini. Mara nyingi sababu ilikuwa ndogo na ya kibinadamu kabisa. Alisahauliwa kwenye pombe. Mjukuu hakupewa jina lake. Aliahidiwa mbuzi, akaletewa maneno.

Mvua nayo ilikuwa na wenyewe. Mbaga ilisifika kwa waganga wake wa mvua, na jirani zetu wa Usambara walikuwa na Kimweri ye Nyumbai, aliyekufa 1862, mfalme ambaye raia zake waliamini kwamba mawingu yanamsikiliza. Hapa angalieni jinsi wahenga walivyokuwa na akili. Mvua isiponyesha, lawama hazikwenda moja kwa moja mbinguni. Zilianzia kwa mkubwa aliyekuwa akila ushuru wa mvua. Yeye ndiye aliyetakiwa kueleza. Siku hizi mvua isiponyesha tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi, na mhusika hana anwani ya kumpelekea wito.

Wakaja wamisionari. Huyu wa Leipzig, Jakob Dannholz, alikaa Mbaga akaandika kitabu, kikatoka 1916. Na huyu Msabato, Ernst Kotz, akaandika cha kwake, kikatoka 1922. Watu hawa wawili hawakukubaliana hata juu ya siku ya kupumzika. Mmoja alikwenda ibadani mwenzake akiwa anapalilia. Lakini vichwa vya vitabu vyao vimeanza kwa maneno yale yale: kila mmoja alituona tumo kifungoni, wa kwanza akasema ni kifungo cha imani ya mizimu, wa pili akasema ni cha hofu. Nimelitafakari sana jambo hilo. Mtu anayesafiri kutoka Ujerumani, anavuka bahari, anapanda mlima kwa miguu, anahubiri moto wa milele, halafu jioni anawasha taa na kuandika kwamba hawa watu wa hapa wana hofu. Usomi ni kitu kizuri.

Tuvuke mipaka, maana mtaalamu asiyetaja Wagiriki halipwi posho kamili. Wagiriki wa kale walichinja ng'ombe, wakala nyama, miungu wakapewa mifupa iliyofunikwa mafuta, na moshi. Hadithi yao inasema ilikuwa ni ujanja wa Prometheus: alitenga mafungu mawili, moja mifupa mitupu iliyopambwa kwa mafuta meupe, jingine nyama nzuri iliyofichwa ndani ya tumbo la ng'ombe, akamwambia Zeus achague. Zeus akachukua la mafuta. Tangu siku hiyo mbingu zinakula harufu. Nilipoisoma habari hii nilifunga kitabu nikasema, huyu Prometheus kwao ni Usangi.

Wagiriki hao hao walikuwa na utaratibu mmoja wa kisheria ninaouhusudu. Kabla ya kuchinja, mnyama alinyunyiziwa maji kichwani. Akitikisa kichwa, ilihesabiwa kwamba ameafiki. Mshitakiwa amekiri, shauri linaendelea! Warumi walikwenda mbali zaidi, wakageuza ibada kuwa utaratibu wa ofisi: kuhani akikosea neno moja, filimbi ikikatika, sherehe nzima ilianza upya, na mnyama mwingine akaletwa kwa gharama zile zile. Uchina kila jiko lilikuwa na mungu wake, na kabla ya mwaka mpya mungu huyo hupanda juu kupeleka taarifa za nyumba. Kwa hiyo wenye nyumba walimpaka kitu kitamu mdomoni, asali au peremende ya kunata, taarifa itoke nzuri, au mdomo ugande asiseme chochote.

Mnacheka Wachina? Nchi hii, mwaka 2000, tulirekebisha sheria ya uchaguzi tukaruhusu kitu kinaitwa takrima. Mgombea anakupa pilau, khanga, nauli, na wala si rushwa, ni ukarimu wa Kiafrika. Tukaishi nayo mpaka 2006, Mahakama Kuu ilipoifuta. Miaka sita mungu wa jiko alipakwa asali kwa mujibu wa sheria. Tena mwaka 1098, Anselm, askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, akiwa uhamishoni Italia, alimaliza kuandika kwamba dhambi ni deni la heshima kwa Mungu, kubwa kiasi ambacho mtu hawezi kulilipa, na ndiyo maana ilibidi alipe aliye Mungu na mtu pia. Heshima ya bwana iliyovunjwa na mtwana! Ni nani asiyeona kwamba Anselm aliishi kati ya mabwana wenye ngome na mashamba? Warumi waliishi na wanasheria, mungu wao akadai fomu ijazwe sawasawa. Wachina waliishi na makarani, mungu wao akapeleka taarifa kila mwaka. Kila taifa limemvika Mungu kofia ya mkubwa wake wa hapo kijijini. Nawasikitikia. Ni sisi peke yetu, watu wa Same, tuliochunguza bila upendeleo na kukuta kwamba kweli kabisa Yeye ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Lakini sasa kuna jambo la bei, na hapa sipandishi sauti.

Faini hupanda. Agamemnon alipokwama bandarini kwa kukosa upepo, aliambiwa amtoe binti yake Iphigenia. Msiniambie hayo ni ya Ugiriki. Mbaga ipo, na juu ya Mbaga kuna mwamba unaitwa Malameni. Wageni hupelekwa kuuona siku hizi, pamoja na mapango ya Mghimbi ambamo watu walijificha wasikamatwe na wawinda watumwa. Wanaowaongoza huwaeleza kwamba mpaka miaka ya 1930 watoto waliohesabiwa kuwa ni mkosi walipelekwa pale. Mnajua ni watoto gani. Kigego, aliyeota jino la juu kabla ya la chini. Mama alipitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto wake kila asubuhi, akipapasa, akiomba lisiwe la juu. Fikirini hicho kidole. Jino lenyewe ni kama punje ya mchele. Na wote waliomzunguka, mume, mama mkwe, majirani wema waliomletea uji alipojifungua, waliamini kwamba mtoto huyo akikaa, mvua haitakaa.

Nilikuwa na aya nzima hapa ya kufafanua kwa mujibu wa Nadharia ya Faini. Nimeiruka.

Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wana habari ya baba aliyepanda na mwanawe na kisu, akazuiwa, akapewa kondoo dume. Wanabishana kama mtoto alikuwa Isaka au Ismaili, na mimi sitaamua leo maana shehe na mchungaji wamekaa kiti kwa kiti. Ila kwenye kuzuiwa hawabishani. Mkono ulishikwa. Na kuanzia hapo manabii wakaja mmoja baada ya mwingine na habari ambazo, nikiri kama mwanasayansi, zinaisumbua kidogo nadharia yangu. Amosi na Mika walisema wazi kwamba kondoo maelfu si hoja, hoja ni haki kwa jirani. Kurani inapozungumzia wanyama wa hija inaeleza kwamba nyama na damu havimfikii Mwenyezi Mungu. Kinachofika ni ucha Mungu wa aliyetoa. Ndiyo maana Idi ya kuchinja nyama inagawanywa, sehemu kwa wenye nyumba, sehemu kwa ndugu na marafiki, sehemu kwa maskini. Hakuna sehemu inayopandishwa juu. Hata moshi.

Nilimuuliza shehe, huyu huyu aliyeko hapa, sasa swala ya kuomba mvua ni ya nini, kama faini haipokelewi? Akanieleza. Watu hutoka mji, huenda uwanjani, wamevaa nguo za kawaida bila mapambo, wanyonge, wazee na watoto wamo. Rakaa mbili, hotuba, imamu anageuza joho lake nje ndani, kama kusema hali nayo igeuke. Nikasema vizuri, hiyo naielewa, ni kubadilisha mwombaji mbele ya mahakama. Akasema subiri. Kabla ya kutoka, watu huhimizwa kutubu, kupatana, na kurudisha haki za watu. Deni ulilokaa nalo, mpaka wa shamba uliousogeza, mali ya yatima. Hivyo ndivyo vinavyoziba mvua.

Nikaenda kwa mchungaji. Naye akanifungulia Mathayo, palipoandikwa kwamba ukifika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapo hapo, uende ukapatane naye kwanza. Nikahisi wamepanga. Nikakimbilia kwa mzee wa mila, nikijua huyu hana mkutano na hao wawili. Mzee akatema mate pembeni akasema tambiko halifanyiki wenye ukoo wakiwa na vinyongo. Kwanza mnakaa, kila mtu anatapika lililo moyoni, ndipo pombe ya dengelua inamwagwa. Mkimwaga kabla, mnalisha ardhi tu.

Watu watatu, siku tatu, jibu moja. Mtu asiye mtaalamu angetetereka.

Mimi nimelichukulia jambo hilo kama mazoea ya kienyeji yasiyohitaji kupewa uzito, na nitaeleza kwa nini kwa mfano halisi, kwani naona kuna mtu safu ya tatu anagunaguna. Vuli iliyopita ilichelewa. Wote mnakumbuka. Ndiva yetu, lile bwawa letu dogo la mawe na udongo linalozibwa jioni lijae usiku na kuzibuliwa alfajiri kwa zamu, ilikuwa ikizibuliwa na kutoa maji ya kunawia uso. Mimi, kwa hiari yangu, kwa ajili ya umma, nikajitolea kuongoza tambiko. Kilichohitajika ni beberu mweusi asiye na doa. Mimi nilikuwa na elimu, jirani yangu alikuwa na beberu. Tukaunganisha nguvu. Alinipa kwa makubaliano kwamba nitamlipa baada ya mavuno.

Mzee alimkagua mnyama huyo kama daktari wa mifugo: akamfunua meno, akampapasa masikio, akamnyanyua kwato moja moja. Chini ya kidevu palikuwa na unywele mmoja mweupe. Mzee akaniangalia. Nikaunyofoa. Dengelua ikamwagwa kutoka kwenye kibuyu mpaka povu likasimama juu ya mizizi, matone yakamrukia beberu, naye akatikisa kichwa, kama wale wa Ugiriki. Nikawaandikia wote waliokuwepo kwamba mshitakiwa amekiri. Baada ya siku kadhaa mvua ikanyesha.

Sasa ninaulizwa habari za malipo. Lakini wasomi, mvua ilinyesha wapi? Je, iliishia kwenye mpaka wangu? Ilinyesha kwake pia! Tena yeye ana ekari nne, mimi nina moja. Kila tone lililoanguka kwake lilitokana na yule beberu. Nimemkata humo humo. Nilipomweleza hesabu hiyo kwa upole alikwenda baraza la kata.

Katika baraza hilo palifanyika tathmini ya beberu aliyekwisha kuliwa, kwa macho ya watu waliomwona wakati wa uhai wake, na baadhi yao walikuwa na maslahi, maana walikunywa supu. Mimi nikasimama nikawakumbusha wajumbe walikokaa. Hapa Same, Januari 1945, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi kwa sababu ya mbiru, ile kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa kukadiria mali ya mtu. Hawakukataa kodi ya kawaida. Walikataa makadirio. Walikaa wiki na wiki, wake zao nao wakaingia katika ugomvi huo, na wakoloni, waliozoea kutulizwa kwa kuku, mayai na kupigiwa saluti, hawakujua la kufanya na watu waliokaa kimya chini wakidai waelezwe hesabu imefikaje hapo. Mwisho kodi hiyo iliachwa. Serikali ya Mwingereza ndiyo mungu pekee ambaye Wapare walikataa kumtuliza, na radi haikupiga. Basi kama babu zangu hawakumlipa Mfalme George kwa makadirio ya macho, mimi nitamlipa jirani beberu kwa makadirio ya macho?

Mzee mmoja wa baraza, ambaye nadhani hakwenda shule, akasema mbiru ilikuwa watu wote kusimama pamoja dhidi ya mkubwa, na hili langu ni mtu mmoja kumkimbia mwenzake. Nilimwambia hoja yake si ya kisheria.

Kwa wakati uliobaki ningependa kumzungumzia nabii Eliya juu ya mlima Karmeli, kwa kuwa ni mtaalamu mwenzangu. Ukame umeingia mwaka wa tatu. Manabii wa Baali wanaruka tangu asubuhi, wanajichanja, naye anawakejeli kwamba pengine mungu wao amelala au amesafiri. Zamu yake inafika. Anafanya nini? Anaagiza madhabahu imwagiwe maji, mitungi minne, mara tatu. Mitungi kumi na miwili! Mwaka wa tatu wa ukame! Angekuwa kwetu, kamati ya ndiva ingempiga faini kabla moto haujashuka, na mimi ningeiunga mkono kamati. Lakini wakanionesha, mchungaji na shehe wakicheka pamoja, jambo ambalo sikulipenda, kwamba kabla ya kumwita Mungu, Eliya alianza kwa kuijenga upya madhabahu iliyobomoka, jiwe kwa jiwe, mawe kumi na mawili, moja kwa kila kabila, ingawa wakati huo makabila yalikuwa yamegawanyika na kupigana. Hata huko! Hata Karmeli kulikuwa na msaragambo!

Naona mkono umenyooshwa safu ya tatu. Ndugu mwenyekiti, maswali hatupokei kwa mdomo. Yaandikwe kwenye karatasi, yaambatishwe shilingi elfu mbili za uendeshaji, nitayajibu katika toleo la pili la hotuba hii. Hapana, usikae, endelea kusimama, ni vizuri watu wakuone. Ndugu zangu, huyu ndiye mwenye beberu. Kwa kuwa amejitokeza mwenyewe, natangaza mbele ya mashahidi kwamba nimeandaa madai kinzani. Beberu mmoja alileta mvua ya ekari tano. Ekari nne ni zake, kwa hiyo nne ya tano ya beberu amejilipia mwenyewe. Mimi nabaki na deni la moja ya tano, ambalo ni kama mguu mmoja wa mbele bila bega. Kutoka hapo ondoa gharama za dengelua, niliyonunua mimi. Ondoa posho ya mtaalamu. Ondoa unywele mweupe niliounyofoa, ambao ungeharibu shughuli nzima, na ambao ni kasoro iliyofichwa na mwuzaji. Ukijumlisha, ni yeye anayedaiwa.

Mheshimiwa mtendaji, hati hizi hapa, nakala tatu, na muhuri nauona hapo mezani karibu na chupa yako ya maji. Gonga zote. Ya mdaiwa apewe hapo hapo alipo, mbele ya shehe na mchungaji, asije kusema hakupata wito.